Mwalimu Mzalendo si Kaimu wa Milele

Ipo kasumba inayoitafuna kandanda ya Tanzania, nayo haina budi kusemwa waziwazi. Ni imani kwamba mchezaji wetu aliyestaafu na kusomea ualimu anafaa kumsaidia mgeni, na kuishika timu siku mgeni anapoondoka; lakini kiti chenyewe si chake.

Tumtazame Ndugu Selemani Matola. Alikuwa kiungo wa Simba ile iliyowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, mwaka 2003. Alipogeukia ualimu aliichukua Lipuli ya Iringa, timu isiyo na fedha za kutamba, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2019. Simba wakamwita mwaka huo huo, si kuongoza bali kusaidia. Akamsaidia Vandenbroeck wa Ubelgiji, Gomes wa Ufaransa, kisha Pablo Franco wa Hispania. Franco alipoondoka mwishoni mwa Mei 2022, Matola alikabidhiwa timu amalizie msimu. Msimu mpya ulipokaribia, akaletwa mgeni mwingine, Zoran Maki. Huyo hakuufikisha hata mwezi Oktoba.

Oktoba hiyo hiyo, huko Ujerumani, Bayer Leverkusen ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Ikamkabidhi timu Xabi Alonso, kiungo wa Hispania aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 2010. Alonso alikuwa amefundisha timu ya pili ya Real Sociedad. Aliipandisha daraja mwaka 2021, ikashuka mwaka 2022. Kwetu angeambiwa amekwisha. Wao walimpa muda, na mwaka 2024 Leverkusen ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi hiyo.

Watatokea wenye kusema kwamba Ulaya ni Ulaya, na kwamba klabu kubwa haifanyi majaribio. Hoja hiyo imekwisha kujibiwa na vitendo. Baada ya Maki, Simba ilimwita Ndugu Juma Mgunda kutoka Coastal Union. Akaifunga Primeiro de Agosto 3-1 mjini Luanda na 1-0 nyumbani, Simba ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Malipo yake? Januari 2023 aliletwa Robertinho, raia wa Brazil, na Mgunda akarudishwa kwenye usaidizi.

Wala tusidhani ugonjwa huu uko Dar es Salaam peke yake. Hapa Kanda ya Ziwa, Ndugu Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga, aliipandisha Geita Gold Ligi Kuu mwaka 2021. Ligi ilipoanza, usukani akapewa Etienne Ndayiragije wa Burundi. Mambo yalipoharibika mapema, Minziro alirudishiwa timu. Ikamaliza msimu katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Aliyejenga nyumba aliitwa tena paa lilipoanza kuvuja!

Hatusemi wageni wafukuzwe. Mgeni mwenye ujuzi ana heshima yake. Wala hatusemi vyeti havina maana. Mwalimu asiyesoma na asome, na klabu imsomeshe. Tunachodai ni kipimo kimoja. Mzalendo apewe mkataba kamili, maandalizi ya msimu na sauti katika kusajili wachezaji, ndipo ahukumiwe. Akishindwa, aondoke kama wanavyoondoka wengine. Lakini kumwita wakati wa moto na kumsahau wakati wa mavuno ni dhuluma.

Kijana wa Ngokolo anayecheza kiungo leo, na ambaye kila jioni anasoma mchezo kabla mpira haujamfikia, ameziona Stand United na Mwadui zikipanda na kushuka. Je, tunamwambia nini? Kwamba akili yake ina thamani maadamu miguu ina nguvu, na baada ya hapo atabaki kaimu? Viongozi wa klabu wajibu swali hilo kabla ya kupanda ndege kutafuta mwalimu mwingine.