Jiko la umeme lisikwame mpakani

Mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi, familia nyingi siku hizi huulizia jiko la umeme. Gesi tunaiagiza ng'ambo kwa dola, umeme tunao. Karuma, Uganda, ina uwezo wa megawati 600, na Bwawa la Julius Nyerere, Tanzania, 2,115.

Soko hili ni lako, mfanyabiashara wa mpakani, lakini lina mitego. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachokuondolea ushuru kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa za Jumuiya tu. Jiko lililotengenezwa China halimo, hata ukilinunua Kampala. Ulizia ushuru kabla ya kununua, si ukishafika Mutukula au Busia.

Angalia na plagi. Pini tatu bapa za Kenya, Uganda na Tanzania haziingii kwenye soketi za matundu ya duara za Burundi. Mteja akirudisha jiko, hasara ni yako.

Nanyi mawaziri wetu, vutieni viwanda vya majiko haya vijengwe hapa, cheti kiyafae. La sivyo umeme utajaa kwenye nyaya, na sufuria zitabaki kwenye gesi.