Kalamu Mkononi mwa Mwigizaji

Ndugu msomaji, pengine nyumbani kwako yumo kijana ambaye kila jioni, badala ya kufungua daftari lake, husimama mbele ya kioo akijifunza kulia na kucheka kama awaonavyo watu wa filamu. Baba hukasirika. Mama husema, "Mwacheni, ni utoto tu, utamwisha." Jumapili hii tuzungumze juu ya kijana huyo. Sina nia ya kumkataza wala ya kumsifu bure. Napenda tumtazame mwenzake aliyemtangulia katika njia hiyo hiyo.

Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akaja Dar es Salaam angali kijana wa shule. Mwaka 2002 alijiunga na kundi la Kaole, ambalo michezo yake ilikuwa ikionyeshwa na ITV. Yafaa ikumbukwe kwamba televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, kwa hiyo kazi aliyoichagua kijana huyo ilikuwa changa, na wazazi wengi hawakuihesabu kuwa ni kazi.

Katika michezo ya siku zile, aghalabu mwigizaji hakupewa maneno yaliyoandikwa. Aliambiwa kwa mdomo: wewe ni mume, huyu ni mkeo, umerudi usiku wa manane, mnagombana. Yaliyobaki aliyatafuta mwenyewe kichwani huku kamera ikizunguka. Ulikuwa ni urithi wa vichekesho vya jukwaani, ambavyo wakazi wa jiji walivifurahia katika maonyesho ya vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre. Urithi huo una thamani kubwa, kwani hufunza wepesi wa akili na ulimi. Lakini una upungufu mmoja: neno lisemwalo hupeperuka. Kesho hakuna awezaye kuthibitisha kwamba lile lililowachekesha watu wote lilitoka kichwani mwa nani.

Kanumba hakuridhika na kupangiwa na wengine. Mwaka 2006 alionekana katika filamu ya Dar to Lagos pamoja na wasanii wa Nigeria, nchi ambayo sinema zake za video zilikuwa zimekwisha kuingia katika nyumba zetu nyingi. Baadaye aliunda kampuni yake mwenyewe, na mbali ya kuigiza akawa pia mwandishi na mwongozaji wa filamu. Yule aliyezoea kusubiri aitwe sasa akawa ndiye anayewaita wengine.

Mtu anaweza kuuliza: karatasi ina faida gani kwa mwenye kipaji? Faida ya kwanza ni ya kazi yenyewe. Mswada uliokamilika huonyesha wanatakiwa watu wangapi, nyumba ngapi, mavazi gani, na siku ngapi za kupiga picha. Mwenye fedha kidogo hawezi kumudu kubahatisha. Asiye na mswada hugundua katikati ya kazi kwamba amesahau kutafuta mtu wa kuwa hakimu, na siku nzima ikapotea huku chakula cha wasanii kikilipiwa.

Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya umiliki. Wakazi wa Kariakoo wa miaka ile wanakumbuka jinsi mitaa ya Aggrey na Likoma ilivyopambwa kwa majalada ya filamu, nyuso za wasanii zikitazama wapita njia. Hadithi moja aghalabu iligawanywa sehemu mbili, ili mnunuzi alipe mara mbili. Lakini nyuma ya majalada hayo kulikuwa na biashara ambayo mtazamaji hakuiona. Watengenezaji wengi walimuuzia msambazaji filamu pamoja na haki zake zote kwa mkupuo mmoja. Fedha ikapokewa, kodi ya nyumba ikalipwa, na baada ya hapo hata nakala zingeuzwa maelfu kwa maelfu, aliyeibuni hadithi hakuwa na chake tena. Juu ya hayo, wezi wa kazi za sanaa walirudufu nakala zao na kuziuza kwa bei ya chini, wasimlipe yeyote.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Huko Marekani, Sylvester Stallone alikuwa mwigizaji asiyejulikana sana alipoandika mswada wa filamu ya Rocky. Wenye fedha waliutaka mswada, lakini walitaka mtu maarufu ndiye aigize. Yeye alikataa kuuza mpaka wakubali aigize mwenyewe. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1976, ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Kipaji chake cha kuigiza kisingetosha kumpa nguvu ya kukataa. Nguvu hiyo aliipata katika kurasa alizoziandika.

Nasi tunayo sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, na inamtambua mwandishi. Ilivyopitishwa, ilimlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, yaani mpaka wajukuu. Lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu kile alichokwisha kukitia sahihi na kukiuza.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, akiwa na umri wa miaka 28. Tarehe 10 maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders kumuaga, na akazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Wengi wetu tuliokuwa tukiona uigizaji ni mchezo wa watoto, siku ile tulifahamu ni watu wangapi walikuwa wamemkaribisha kijana huyo sebuleni mwao. Kwa hesabu ya sheria ile ya 1999, alichoandika mtu aliyefariki mwaka huo kingelindwa hadi 2062. Miaka 28 ya uhai, na 50 ya kuwatunza waliobaki: ndiyo tofauti kati ya jasho la siku moja na shamba.

Basi, ndugu mzazi, usimvunjie kijana wako kioo. Mnunulie daftari. Mwambie amalize shule, kwani asiyejua kuandika hadithi yake atauza ya kwake kwa bei ya mwingine. Alichobuni akiandike, aweke tarehe, abaki na nakala, na akapate ushauri COSOTA kabla ya kumkabidhi mtu. Akiletewa mkataba asitie sahihi barazani kwa haraka; aurudishe nyumbani, usomwe na watu wawili, na swali la kwanza liwe hili: ninauza ruhusa ya kuonyesha, au ninauza hadithi yenyewe?

Wewe nawe ujue karatasi hizo zimewekwa wapi. Nyumba nyingi hujua hati ya kiwanja iko chini ya godoro lipi, lakini hazijui mswada wa mtoto uko wapi.

Tuonane Jumapili ijayo.