Kabla hujauza kompyuta ya sebuleni, ondoa siri za familia

Tangazo lenyewe huwa fupi: "Kompyuta used, nzima kabisa, ina muvi na katuni za watoto. Bei maelewano, nipo Nyegezi." Picha mbili, namba ya simu, basi. Linarushwa Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, na jioni wateja wameshaanza kuuliza bei ya mwisho. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hata mteja wa Sengerema anaweza kuifuata na kurudi nayo siku hiyo hiyo.

Kwa mzazi anayetafuta ada, hiyo ni nafuu ya haraka. Shida iko kwenye maneno "ina muvi na katuni". Ili muvi zibaki na bei ipande kidogo, muuzaji haifuti kompyuta. Anachagua mafaili anayoyakumbuka, anayafuta, kisha anakabidhi mashine.

Asiyoyakumbuka ndiyo mengi. Kompyuta ambayo familia nzima imeangalizia muvi kwa miaka mitano haina muvi peke yake. Ina picha ya ultrasaundi, kadi ya kliniki iliyopigwa picha, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, na majibu ya vipimo yaliyoshuka kupitia WhatsApp. Fikiria majibu ya VVU ya mama, au ya selimundu ya mtoto, yakifunguliwa na mtu wa mtaa wa pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Lakini picha ikishasambaa kwenye simu za watu, sheria haiwezi kuirudisha.

Hata yale uliyoyafuta huenda bado yapo. Unapofuta faili na kumwaga kapu la taka, kompyuta huondoa jina la faili kwenye orodha yake tu. Ni kama mjumbe kufuta jina la mpangaji kwenye daftari huku mpangaji mwenyewe bado analala chumba kile kile. Zipo programu za bure zinazoweza kuyarudisha mafaili hayo, na kuzitumia hakuhitaji utaalamu mkubwa.

Kwa hiyo, fuata hatua hizi kabla ya kupiga picha ya tangazo:

1. Hamishia picha na nyaraka zenu kwenye diski ya nje au flashi, kisha hakikisha zinafunguka.

2. Toka kwenye akaunti zote: barua pepe, YouTube, Facebook na WhatsApp ya kwenye kompyuta.

3. Kwenye Windows 10 au 11, ingia kwenye mipangilio, chagua kuirejesha kompyuta upya, kuondoa kila kitu, na pia kusafisha diski. Kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa, hivyo acha imechomekwa kwenye umeme.

4. Kama mashine ni ya zamani au haiwaki, mwambie fundi atoe hadi diski mbele yako, ubaki nayo. Uza bila diski na upunguze bei.

Kuna pia suala la Windows yenyewe. Ile iliyokuja na kompyuta tangu kiwandani, leseni yake kwa kawaida imefungwa kwenye mashine hiyo, hivyo inauzwa pamoja nayo. Kuuza sidii au namba yake peke yake ni kumuuzia mtu kitu kisichohamishika. Nazo muvi za kunakili bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya hakimiliki, hata kama mtaani zinaitwa nyongeza.

Anayenunua naye aangalie umri wa mfumo. Windows XP Media Center ya mwaka 2002, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, muziki na picha za nyumbani, iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 8, 2014. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Mfumo uliopitwa na wakati bado utaonyesha katuni, ila usiutumie kwa benki wala barua pepe. Na kabla mtoto hajaigusa, fundi apige Windows upya. Kwenye kompyuta ya mtu mzima mwingine huwezi kujua mwanao atafungua folda gani.

Mteja akisisitiza kwamba anaitaka pamoja na muvi zake, mwambie atazitafuta mwenyewe. Punguzeni bei mmalizane, na majibu ya kliniki ya mwanao yabaki kwenu.