Waraka kwa wanachama: Birika na kikao

Kwa kina mama na kina dada wote wa chama chetu, Garissa mjini, Balambala, Dadaab na Ijara.

Katika kikao cha suluhu cha juzi nilikuwa nyuma ya turubai, nimeshika birika. Wazee walikuwa wakipiga hesabu ya diya, fidia ya damu: mwanamume ngamia 100, mwanamke 50. Hesabu ilipokwama, mmoja akapaza sauti, "Mama, chai!" Nikaingia, nikamimina, nikatoka. Mama wa marehemu na mjane wake walikuwa nje pamoja nami. Hakuna aliyewauliza neno.

Nawaandikia kwa sababu uchaguzi wa Agosti 2027 umekaribia, na turubai ni lile lile. Kwetu kura hupigwa mara mbili, kwanza kwa wazee wa koo, halafu kwenye sanduku. Mandera walitufundisha kabla ya uchaguzi wa 2013, baraza la wazee wa Garre lilipogawa viti mapema. Anayekosa kikao cha kwanza hufika debeni kuidhinisha tu.

Tutaambiwa siasa zetu zina asili ya vita, na vita ni vya wanaume. Hapo tusijidanganye kwa kujiita watu wa amani tangu kuzaliwa. Nani aliyetunga buraanbur, mashairi yetu wanawake, za kumtia kijana haya akibaki nyumbani? Nani aliyeficha bunduki chini ya mkeka? Binti aliozwa kwa ukoo wa adui ili damu ikome, na hakuulizwa. Na mwaka 1948, risasi zilipolia Mogadishu, mwanaharakati Hawa Tako alikuwa miongoni mwa waliouawa. Vita vimepita mikononi mwetu siku zote, ila hatukuitwa kwenye hesabu.

Wajir ndiko walikoelewa hilo. Mwaka 1992 na 1993 Ajuran, Degodia na Ogaden walipokuwa wakiuana, hata maziwa sokoni yalikuwa na ukoo. Mama hakununua kwa mama wa upande wa pili. Kina Dekha Ibrahim Abdi wakaanzia hapo hapo, penye vibuyu. Wakaweka wanawake wa kulinda soko, kila mtu auze na anunue bila kuulizwa ni wa nani. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee, na 1993 hiyo hiyo likapatikana Azimio la amani la Al-Fatah. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007; akafariki 2011 baada ya ajali ya gari.

Ijara nako, mwaka 2017, Sophia Abdi Noor alikuwa mwanamke wa kwanza Kaskazini Mashariki kushinda kiti cha eneo bunge. Mwaka 2022 kikaenda kwa mwingine. Tangu hapo ukitaja ubunge unaelekezwa kwenye kiti cha mwakilishi wa wanawake: "Si mnacho chenu?" Mimi naona Katiba ya 2010 ilitupa mlango, wenzetu wakaufanya ua.

Kwa hiyo kila tawi lichague watu wawili wa kuketi kwenye vikao vya ukoo wake, mmoja awe mjane au mfiwa. Wauza maziwa na mirungi wa Suuq Mugdi watangulie, wanajua kujadiliana bei. Asiye na kitambulisho aanze kukishughulikia wiki hii, ili aweze kupiga kura.

Tukutane Jumamosi baada ya adhuhuri. Chai watamimina wanangu wa kiume, tumeshakubaliana.

Mwenyekiti wenu