Simu zinaongezeka, lugha je?

Hapana shaka kwamba nchi yetu imepiga hatua kubwa katika kuitanua mitambo ya simu. M-Pesa ilianzishwa mwezi wa Machi 2007, na kwa miaka kadhaa mitambo yake mikuu ilikuwa ng'ambo. Mwaka 2015 ikahamishiwa nchini huku shughuli zikizidi kila uchao. Mwaka 2019, nambari zinazoanza kwa 07 zikielekea kwisha, tukaongezewa za 01. Wahandisi wanastahili pongezi.

Hata hivyo, simu zinapoongezeka, wenye simu nao hubadilika. Walionunua simu za mkononi katika miaka ya 1990 walikuwa matajiri na maafisa waliokimudu Kiingereza. Leo hata mkulima na mchuuzi wanazo. Huduma iliyomfaa yule haimfai huyu kwa sababu tu mitambo imeongezwa nguvu.

Juzi jirani yangu, mama mwenye simu ya "mulika mwizi", alinijia na ujumbe wa Kiingereza kuhusu karo ya bintiye aliye katika shule ya bweni. Nilipomsomea, siku ya mwisho ya kujibu ilikuwa imepita. Mtambo ulifanya kazi yake barabara: ujumbe ulifika. Lakini je, mama huyo alihudumiwa?

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili kitaigharimu mitambo. Dai hilo halina mashiko. Ujumbe mfupi hubeba herufi 160 ukiandikwa kwa hati za Kilatini, lakini 70 tu ukiandikwa kwa hati za Kiarabu au za Kiamhari. Kiswahili chetu cha leo huingia katika zile 160 bila taabu. Wengine watalalamika kwamba istilahi hazipo. Mbona "tuma pesa", "toa pesa" na "salio" zimezoeleka hadi vijijini?

Isitoshe, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawia na Kiingereza. Haki hiyo haikomei bungeni na mahakamani; yapasa ifike kwenye kioo cha simu.

Walimu wenzangu, tusiwaachie wahandisi peke yao kazi hii. Tuwape wanafunzi wetu zoezi: waandike upya, kwa Kiswahili sanifu kisichozidi herufi 160, ujumbe ambao shule zao huwatumia wazazi. Kisha mwalimu mkuu autume.