Si Kunyimana, ni Maumivu

KUTOKA BUHA
Na Yustina Ntakije

Sisi Waha hatusalimiani kwa haraka. "Mwakeye" ikishatoka, mikono hushikwa na kubaki imeshikwa, huku habari za wazee, watoto na mbuzi zikiulizwa moja baada ya nyingine. Ndiyo maana kwetu maradhi ya viungo hayajifichi. Siku mtu anapokupa kifundo cha mkono badala ya kiganja, na mikono yake haina udongo, unajua vidole vinamuuma. Unampa pole, unamwelekeza kwa anayejua majani, mnaagana. Lakini kuna mahali maradhi hayo huingia na hakuna anayempa mtu pole. Ni kitandani, kati ya mume na mke.

Jina lenyewe, baridi yabisi, limetupotosha. Kasulu na Kibondo ni nchi ya juu, na asubuhi za Juni na Julai tunaamka tumejikunyata, basi lawama zote tunaitupia baridi. Baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini si chanzo. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Vidole na vifundo vya mikono huvimba pande zote mbili, na asubuhi hukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Wala si ugonjwa wa vikongwe. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huanza kuumwa kati ya miaka 30 na 50. Huo ni umri wa kulima, wa kuzaa, na wa kuwa mke au mume wa mtu.

Mfikirie mama ambaye tangu alfajiri vidole vyake havikazi mpini wa jembe. Amepalilia maharage hivyo hivyo, amechota maji, amepika. Usiku ukifika, uchovu alio nao si wa shamba peke yake, kwani ugonjwa huu huchosha mwili mzima. Nyonga ikiwa imeshambuliwa, kutanua miguu ni mateso. Wengine hukauka ukeni, kama ambavyo macho na kinywa vyao hukauka. Mwanamume naye hasalimiki: magoti na viwiko havibebi uzito wake, na maumivu ya muda mrefu pamoja na huzuni hupunguza hamu na nguvu.

Hapo ndipo ukimya unapoanza kuharibu. Mume anajiambia kuwa mke ana mtu mwingine. Mke anaitazama mikono yake iliyopinda na kujiambia kuwa hapendezi tena. Yupo pia mume mwema anayejitenga kwa kuogopa kumuumiza mwenzake, na mke akaona amekataliwa. Mimba nayo huongeza utata: wanawake wengi hupata nafuu wakiwa wajawazito, kisha ugonjwa hurudi miezi michache baada ya kujifungua. Mume akiona hivyo husema, "Mbona ulikuwa mzima?" Ndugu wakiingia kati, neno linalofuata ni kurogwa.

Ndoa ya namna hiyo ikiyumba, hufika kwa wazee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani. Ni busara kubwa, maana baraza ndilo lenye nafasi ya kusikia kilichojificha. Basi nawasihi wajumbe wa mabaraza yetu, wa kata na wa dini: mtu akilalamika kuwa ananyimwa unyumba, kabla ya kumkemea mwenzake, muulizeni kwa upole kama anaumwa, na wapi. Pengine mnayetaka kumwonya anastahili barua ya kwenda hospitali. Na asiambiwe mtu avumilie tu. Kumlazimisha mgonjwa ni ukatili, hata ndani ya ndoa.

Wahudumu wa afya nao wana sehemu yao, na wasiniambie kwamba mambo ya chumbani hayazungumziki zahanati. Wanawake wajawazito huambiwa waje na waume zao kliniki kupima virusi vya Ukimwi, na wanaume wakajifunza kukaa kwenye yale mabenchi. Kama tumeweza kwa hilo, tuwaite wawili hata kwa ugonjwa wa viungo. Mume anapaswa kujua kuwa methotreksati, dawa kuu ya ugonjwa huu, humezwa mara moja tu kwa juma, na kwamba kuimeza kila siku kunaweza kuua. Anapaswa kujua kuwa dawa hiyo huharibu mimba, hivyo uzazi wa mpango ni wa lazima, na wakitaka mtoto wamwone daktari mapema ili ibadilishwe. Mwanamume anayetumia sulfasalazini aambiwe kuwa huweza kupunguza mbegu zake kwa muda, nazo hurudi akiiacha. Anayejua hayo hatafuti mchawi.

Safari ya rufaa kutoka kwetu hadi hospitali ya Bugando jijini Mwanza, kupitia Kakonko na Nyakanazi, ni ndefu na ina gharama. Kwa hiyo ugonjwa ugunduliwe mapema hapa hapa, kabla viungo havijapinda, maana kilichopinda hakinyooki kwa vidonge.

Na ninyi wenye ndoa, yapo mnayoweza kuyafanya. Asubuhi viungo vimekakamaa, basi msing'ang'anie asubuhi. Chagueni saa mwili umelegea. Maji ya moto ya kuoga husaidia. Kama daktari amempa mgonjwa dawa ya maumivu, aulizwe kama inaweza kumezwa muda mfupi kabla. Kulala ubavu hupunguza uzito juu ya nyonga na magoti, na mto au kanga iliyokunjwa huegemeza panapouma. Ukavu una vilainishi, muulizeni mfamasia bila haya. Na siku mwili unapokataa kabisa, kukandana mgongo na kulala mmekumbatiana ni mapenzi pia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ninaloomba ni dogo. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, mshike mwenzako mkono polepole, umuulize: "Leo wapi panauma?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.