Mbwa Mkongwe: Saa ya Kumpumzisha Hujulikanaje?

Mbwa huzeeka upesi kuliko watu anaoishi nao. Mtoto aliyemfunga kamba shingoni mwaka alioanza darasa la kwanza huwa bado yu kijana mbichi siku mbwa yule yule anaposhindwa kupanda ngazi mbili za barazani. Mbwa wa umbo kubwa huhesabiwa kuwa mzee afikapo miaka 7 au 8. Yule wa umbo dogo aweza kufika miaka 10 au 12 kabla uzee haujamwelemea. Mbwa wengi wa vijijini hawafiki huko kamwe, kwa kuwa maradhi, njaa na magari huwaondoa mapema. Basi nyumba yenye mbwa mkongwe ni nyumba iliyomtunza, na ndiyo maana swali la mwisho wake huwa zito kwa watu wa nyumba hiyo.

Katika jambo hili watu hukosea kwa njia mbili. Kosa la kwanza ni la kumchoka. Mbwa aliyelinda boma miaka 10, akafukuza wezi usiku na nyani mchana, siku sauti yake inapokauka huonekana kuwa mla bure. Mbwa mchanga huletwa kushika nafasi yake, naye mkongwe hupakiwa garini akaenda kutupwa sokoni au porini. Huko hafi siku hiyo. Huzunguka akitafuta njia ya kurudi, akapigwa mawe na watu wasiomjua, akashindwa kushindania makombo na mbwa wenye nguvu. Waswahili husema fadhila ya punda ni mateke. Hapa mwenye mateke si mnyama, ni mtu.

Kosa la pili hufanana na huruma. Mwenye mbwa hulia machozi ya kweli lakini hakati shauri. Husema kwamba Mungu atamchukua kiumbe wake kwa wakati wake. Mbwa hulala nyuma ya banda la kuku, nzi wakimzunguka, wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu. Wapo mbwa wafao usingizini, lakini ni wachache. Afaye kwa saratani au kwa figo zilizochoka aghalabu hupitia siku nyingi za kichefuchefu, kiu na taabu ya kupumua kabla ya kukata roho.

Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja. Mwenye mbwa hutazama uchovu wake au majonzi yake, wala hamtazami mbwa. Njia iliyo sawa huanza kwa kumtazama mbwa mwenyewe.

UZEE SI UGONJWA

Kabla ya kufikiri juu ya kifo, yampasa mwenye mbwa kupambanua kati ya uzee na maradhi yanayotibika. Mbwa aliyeacha kula huenda ana jino bovu lenye usaha. Jino likishang'olewa, hurudi bakulini kama kawaida yake. Mbwa aliyelegea ghafula, ufizi wake ukawa mweupe na mwili ukawa moto, huenda ameshikwa na homa iletwayo na kupe, nayo ina dawa. Kucha zilizorefuka na kujikunja humfanya achechemee. Baridi yabisi ya nyonga hupunguzwa makali kwa dawa za daktari wa mifugo, kwa kupunguza unene, na kwa kulala juu ya gunia kavu lililojazwa majani badala ya saruji baridi.

Hata upofu si hukumu ya kifo. Mbwa huijua nyumba yake kwa pua. Mradi vyombo na viti havihamishwihamishwi, mbwa kipofu huweza kuishi kwa raha miaka kadhaa.

Ni vizuri kuonya hapa kwamba vidonge vya maumivu vya watu havifai kupewa mbwa kwa kubahatisha. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na paracetamoli ikizidi huharibu ini. Dawa ya mbwa hupimwa na daktari wa mifugo kwa uzito wa mbwa.

Onyo jingine ni kubwa zaidi. Mbwa aliyebadilika tabia ghafula, akatokwa na ute mwingi, akashindwa kumeza au sauti yake ikageuka, asidhaniwe kuwa amezeeka tu. Hiyo yaweza kuwa kichaa cha mbwa. Mtu asimtie mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa. Afungiwe mahali peke yake na daktari wa mifugo aitwe bila kukawia. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani ugonjwa huu ukishadhihirika kwa binadamu karibu kila mara humwua.

MBWA HAPIGI KELELE AUMWAPO

Watu wengi hungoja mbwa alie ndipo waamini kwamba anaumwa. Huko ni kungoja jambo ambalo huenda lisitokee. Mbwa huficha maumivu. Dalili zake ni za chinichini: huhema hata wakati wa baridi, hutetemeka, hulamba mahali pamoja mpaka manyoya yakatoka, hugeuka-geuka usiku asipate pa kulala, hukunja mgongo. Mbwa mpole aliyekuwa akichezewa na watoto huanza kunguruma aguswapo kiuno. Mwingine hujitenga na kwenda kujificha chini ya gari au kichakani, yeye ambaye zamani hakuwaacha watu.

MASWALI SABA

Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo ambacho sasa chatumika katika nchi nyingi. Hakihitaji mashine wala fedha. Mwenye mbwa hujiuliza mambo saba na kila moja hulipa alama kutoka 0 hadi 10.

La kwanza ni maumivu: je, yametulizwa, na mbwa anapumua bila taabu? La pili ni njaa: anakula mwenyewe, au hulazimishwa? La tatu ni maji: anakunywa ya kumtosha, au ngozi ya shingo ikivutwa hubaki imesimama? La nne ni usafi: aweza kuwekwa mkavu, bila vidonda vya kulalia na bila funza? La tano ni furaha: hutikisa mkia watu wake wajapo? La sita ni mwendo: aweza kuinuka na kwenda haja, hata kwa kusaidiwa? La saba ni hili: siku zake njema bado zinazidi siku mbaya?

Jumla ya alama zote ni 70. Kwa kipimo hicho, ikizidi 35, mbwa anaweza kuendelea kutunzwa. Ikishuka chini ya hapo, yafaa mazungumzo ya mwisho yaanze. Walakini tarakimu hizi ni fimbo ya kumsaidia mtu kutembea, si hakimu. Mbwa asiyeweza kupumua hawezi kuokolewa na alama nzuri za usafi.

Swali la saba ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo ambalo kumbukumbu hudanganya. Mtu ampendaye mbwa wake hukumbuka asubuhi moja aliyoinuka na kusahau siku nne alizolala. Dawa yake ni kalenda ya ukutani. Kila jioni siku njema hutiwa duara, na siku mbaya msalaba. Baada ya wiki mbili au tatu karatasi husema bila kubembeleza. Misalaba ikizidi maduara, na daktari wa mifugo akasema hana tiba ya kugeuza hali hiyo, saa imekaribia.

NANI AKATE SHAURI

Katika nyumba nyingi mwenye sauti ni baba, lakini mwenye habari ni mwingine. Ni mama amfuliaye mbwa matambara yake, au msaidizi wa nyumbani amwinuaye alfajiri, au mlinzi akeshaye naye langoni. Hao ndio wajuao kama mbwa alilala au alikesha akihema. Yafaa waulizwe kwanza, na neno lao lisikilizwe. Mara nyingi watoto waliokwenda kuishi mjini hupiga simu kusihi kwamba mbwa asiguswe mpaka waje sikukuu. Mapenzi yao ni ya kweli, lakini si wao wamshikao mbwa anapoanguka.

Jambo la fedha pia halina budi kusemwa wazi. Si kila nyumba iwezayo kulipa upasuaji au dawa za kila siku kwa mnyama wakati ada ya shule yadaiwa. Mtu asiyeweza kununua tiba hana lawama. Lawama humpata yule ajuaye kwamba tiba haiwezekani kisha akamwacha mbwa ateseke kwa sababu tu hataki kukata shauri.

NAMNA YA KUMPUMZISHA

Njia ya upole ni sindano ya daktari wa mifugo. Kwa kawaida kwanza humpa mbwa dawa ya kumtuliza, asinzie. Kisha humpiga sindano mshipani yenye pentobabitali, ambayo ni dawa ya usingizi iliyotolewa kwa kipimo kikubwa. Mbwa huzimia kwanza, halafu pumzi na moyo husimama, aghalabu katika dakika chache. Ni vizuri watu wa nyumba wajue mapema kwamba macho hayafumbi, kwamba mwili waweza kuvuta pumzi moja au mbili za mwisho au kutoa mkojo. Hayo si maumivu. Mbwa hayupo tena. Bwana mifugo akiweza kuja nyumbani ni bora, ili mbwa afe mahali anapopajua, mkono anaoujua ukiwa kichwani mwake.

Mahali ambapo daktari hayupo, watu hushawishika kutumia sumu ya panya au ya wadudu wa shambani iliyotiwa katika nyama. Jambo hilo ni la kikatili, kwani sumu hizo huua kwa mishtuko au kwa kutokwa damu ndani kwa ndani, tena huweza kumpata mtoto au mnyama wa jirani. Kamba na rungu hali kadhalika. Afadhali mwenye mbwa aulize ofisi ya mifugo ya wilaya ni siku gani mtaalamu hupita kwa chanjo, akapanga naye mapema, kuliko kungoja usiku wa mahangaiko usio na msaada. Tanzania, kwa mfano, ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na moja ya makusudi yake ni kuwakinga wanyama na mateso yasiyo ya lazima.

Wapo wasemao kwamba mbwa hastahili shughuli yote hiyo. Katika mafundisho ya Kiislamu mna mapokeo mashuhuri ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumtekea maji kisimani mbwa aliyekuwa akilamba tope kwa kiu, na mengine yaagizayo kisu kinolewe vizuri ili mnyama achinjwaye asiteseke. Utu wa mtu hupimwa pia kwa namna amwondoavyo asiyeweza kujitetea.

MAZIKO NA WATOTO

Mzoga wa mbwa aliyepigwa sindano una sumu. Ukitupwa jalalani, mbwa wengine na tumbusi wakaula, nao hufa. Na tumbusi wa Afrika wamekwisha kupungua sana kwa sababu ya sumu. Basi ni lazima azikwe siku hiyo, mbali na kisima na mto, chini ya udongo usiopungua meta moja, na mawe yawekwe juu asifukuliwe.

Watoto waambiwe kweli. Mzazi asemaye kwamba mbwa ametoroka humfanya mtoto akeshe akimwita langoni. Asemaye kwamba amelazwa usingizi humfanya aogope kitanda chake mwenyewe. Neno sahihi ni kwamba alikuwa mgonjwa asiyeweza kupona, akasaidiwa kufa bila maumivu. Mtoto aliye mkubwa kiasi apewe nafasi ya kumpapasa na kuaga kabla daktari hajafika, na asikatazwe kulia.

Baada ya hayo yote, wengi hubaki wakijiuliza kama waliharakisha. Siku iliyo kamili haipo. Kuna muda tu kati ya siku ambayo mbwa bado ana raha kidogo na siku ambayo hana kabisa, na shauri likikatwa ndani ya muda huo limekatwa vyema. Anayechagua siku chache mapema humnyima mbwa asubuhi moja au mbili juani. Anayechelewa humpa mateso ambayo mbwa hawezi kuyaelewa wala kuyaombea msamaha. Kwa hiyo yafaa kalenda ianze kutiwa alama mbwa angali anasimama, na nambari ya daktari wa mifugo iandikwe pembeni mwake.